Jeton Namba Moja

Siku ile ya Ijumaa Mama Bénédicte alikagua kila kitu, isipokuwa kile kimoja kilichokuja kuharibika.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na moja. Tangu astaafu, kila Jumamosi mchana alikusanya wazazi wa mtaa wa Lumumba, mjini Bunia, ndani ya salle, ukumbi wa parokia, akawafundisha namna ya kumtayarisha mtoto anayemaliza mwaka wa nane na kuingia humanités, ile miaka minne migumu ya mwisho kabla ya diplôme. Hakuna aliyemlipa. Akisikia mzazi anazembea, alimfuata mpaka nyumbani. Kwa Véronique na mumewe Léon hakufuata uzembe, aliwapenda tu. Walikuwa wametoka Aveba miaka mitatu nyuma na magodoro mawili, wakaishi kwenye site, kambi ya wakimbizi, kabla ya kupata chumba hapa, na katika vurugu hiyo yote mtoto wao Arielle alikuwa wa tatu darasani.

"Bulletin ya alama?"

"Iko," Véronique akajibu, akiiweka juu ya kitanda.

"Attestation ya kuzaliwa? Stylo mbili ya kuandika? Latte ya kuchorea mistari?"

"Biko byote, Mama Mwalimu."

"Sawa. Sasa munisikilize, na weye Baba Léon. Mutoto apumzike. Asiteke maji, asitumwe soko. Mumuache alale vizuri, asubui apate kitu mu tumbo. Mutoto mwenye kuchoka haandikake kitu. Bazazi banaua batoto na kazi, kisha banauliza juu ya nini bameanguka!"

Léon alikuwa ameketi mlangoni akibandua udongo mkavu miguuni. Alifyatua matofali ya mtu mwingine kule bondeni, na udongo ule haukumtoka hata Jumapili.

"Tumesikia," akasema. "Lakini miye nisemeke wazi. Ni shule ile moja tu njo inakatia déplacés kama siye nusu ya frais ya masomo. Akikosa pale, kwingine siwezi. Lundi anapanda gari ya Mahagi, kwa Régine."

Régine alikuwa dada yake, muuza samaki kando ya ziwa, na alihitaji msichana wa kumsaidia. Mfuko wa safari ya Jumatatu alikuwa ameshautuma, na nusu yake ilikuwa imejaa nguo za Arielle.

"Ni mwaka moya tu," Léon akaongeza.

"Batoto banaendaka mwaka moya," Véronique akasema, "na hatubaonake tena na kitabu."

Arielle hakusema neno juu ya Mahagi. Alikuwa na miaka kumi na minne na alishajifunza kwamba mambo mengine ukiyasemea yanapata nguvu. Alisema tu, "Mama Mwalimu, nikishinda ninaomba Chimie-Biologie. Kisha shule ya Nyankunde, niwe infirmière, nitunze bagonjwa."

"Utakuwa, mutoto yangu."

Halafu mwalimu akaichukua jeton iliyouzwa na shule kwa kila mtoto anayeomba test ya kuingia. Ilikuwa kipande cha karatasi ngumu ya rangi ya waridi chenye muhuri wa shule. Miwani yake ilikuwa nyumbani, basi akaona zile tarakimu kubwa tu, maneno madogo yakampita.

"Kesho, saa mbili ya asubui. Saa mbili kamili! Haiko saa mbili na kitu!"

Akaenda zake ameridhika. Ee, na miwani ile. Mpaka leo anailaani.

Alipoondoka, Véronique akampa binti yake jeton asome vizuri, maana yeye Kifaransa alikiona tu kwenye magunia ya msaada.

"Numéro moya," Arielle akasoma. "Responsable: Véronique. Élève: Arielle. Hapa chini: *se présenter muni du présent jeton*. Ni kusema, mutu ajitokeze na hii jeton mukononi."

"Mutu gani?"

Arielle akaiangalia tena. "Hapa yulu, mbele ya jina yangu, bameandika Responsable. Ni weye."

"Njo vile nilizania."

Wewe usicheke bado. Watu hawa walikuwa wameishi na jeton miaka mitatu. Kwenye site, jeton ya unga, jeton ya blanketi, jeton ya sabuni, yote ni ya kichwa cha nyumba. Responsable anakuja mwenyewe, mtoto akionekana kwenye mstari anafukuzwa. Siku ya kwanza ni ya contrôle: wanahakikisha uko hai na jina ni lako. Siku ya pili ndiyo ya kupokea. Na jambo moja lililo kubwa kuliko yote: jeton haitoki mkononi mwako. Wapo waliompa jirani awashikie kidogo, wakarudi nyumbani na gunia tupu.

"Basi kesho ni contrôle," Véronique akasema. "Siku ya test batatuambia kule."

"Ee. Na Mama Mwalimu alisema nipumzike."

Kila mmoja aliona jambo liko wazi.

—

Véronique alifika wa kwanza. Kulikuwa hakujapambazuka sawasawa, na Josaphat, sentinelle anayelinda geti la shule, alikuwa bado ananawa uso kwenye kopo. Alifurahishwa na mama huyu mwenye kitenge safi na kilemba kilichofungwa kwa bidii.

"Mama, unafika mbele ya jogoo!"

"Numéro moya haichelewake," Véronique akasema, na kwa mara ya kwanza katika wiki ile akacheka.

Alisimama karibu na geti, mkono juu ya kifua ambako jeton ilikuwa imefungwa ndani ya kipande cha nailoni. Alijua kusimama. Hakuegemea ukuta, hakukaa chini, hakutoka kwenda kukojoa. Watu wakaanza kufika, na akashangaa kuona wanawaburuta watoto wao kwenye baridi ile, mtoto na kalamu, mtoto na mandazi, wengine wanasinzia wima. Aliwahurumia. Hawa hawakumsikia Mama Bénédicte, akawaza.

Nyuma yake alisimama Mama Fifi, mfanyabiashara wa vitambaa, pamoja na binti yake Sylvie. Walishushwa na moto, pikipiki ya abiria, na mwenye moto, kijana mmoja wa Butembo aitwaye Katsuva, akabaki pale akisubiri abiria wengine.

"Na weye mama, mutoto wako iko wapi?" Fifi akauliza.

"Nimemuacha anapumzika. Mutoto mwenye kuchoka haandikake kitu."

Fifi akamtazama. Akaiona jeton ambayo Véronique alikuwa ameshaitoa, na ile namba moja. Fifi hakuwa mjinga. Alielewa papo hapo. Alijua pia kwamba nafasi za Chimie-Biologie ni arobaini na tano na jeton zilizouzwa ni mia moja na thelathini, na Sylvie wake hesabu zilimpiga chenga tangu mwaka wa tano.

"Ni vizuri," Fifi akasema. "Apumzike."

Akageuka, akaanza kumpanga binti yake kola ya shati iliyokuwa imepangika tayari.

—

Saa mbili kasoro dakika tano geti likafunguliwa.

"Batoto kuume na jeton, darasani! Bazazi kushoto, bureau ya préfet! Numéro moya!" Josaphat akaita.

Véronique akaingia kwa haraka na kunyoosha mkono. Josaphat akaitazama jeton, akatazama nyuma yake, akatazama chini, kama kwamba mtoto angeweza kuwa amejificha kwenye kitenge.

"Mama, hii ni ya mutoto. Mutoto iko wapi?"

"Iko ku nyumba."

"Ku nyumba anafanya nini? Test ni sasa!"

"Test..." Véronique akasema. "Leo haiko contrôle?"

Kicheko kilianzia mstari wa mbele kikaenda mpaka barabarani. Baba mmoja mwenye koti akapaza sauti: "Mumuache mama aingie! Amekuya kufanya test yeye mwenyewe!" Mwingine akasema, "Mumupe stylo!" Hata watoto walicheka, wale waliokuwa wanatetemeka kwa hofu dakika moja kabla, wakashukuru kupata wa kumcheka. Véronique alihisi masikio yake yanawaka. Mwenye kitenge safi pale mbele ya watu wote alikuwa yeye, na alitamani kitenge kile kiwe kichafu asionekane kama aliyejipamba kwa ajili ya aibu.

Préfet, mkuu wa shule, akatoka kuona kelele ni za nini. Aliitwa Roger, mtu mwembamba mwenye saa kubwa mkononi.

"Dictée, ile ya kusikia na kuandika, ni saa mbili na nusu," akasema. "Inasomwa mara moya, mulango unafungwa."

"Muniache nikimbie nimulete, Monsieur le Préfet."

"Na bazazi ninabaita kwa numéro, ninabauliza maswali. Weye ni wa kwanza. Ukienda, ninafunga dossier yako."

"Muniweke nyuma. Ata wa mwisho kabisa."

"Kila mutu akichagua numéro yake tutamaliza lini?" Hakusema kwa ukali, na hilo likamuumiza zaidi. "Dakika mbili, mama. Fanya choix: mutoto ao dossier."

Simu ya nyumba ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa kwa Léon bondeni kwenye matofali. Véronique akatoka getini, akazunguka na macho. Akamwona Fifi. Sylvie alikuwa ameshaingia. Fifi akaangalia pembeni, na Véronique akajua. Hakuwa na muda wa kukasirika, lakini aliiweka ile hasira mahali atakapoikuta.

"Mama, nyumba ni wapi?" Alikuwa Katsuva, yule mwenye moto. "Dakika kumi na tano nimekuletea mutoto. Utanilipa nyuma, nikirudi."

"Lumumba, nyuma ya borne-fontaine ya maji, mulango wa bati ya bleu. Anaitwa Arielle. Lakini hatapanda."

"Juu ya nini hatapanda?"

"Nilimukataza. Nilimuambia, ata mutu akuambie mama yako amenituma, usipande moto ya mutu haumujue."

Katsuva akakuna kichwa. Dada zake mwenyewe waliambiwa hivyo hivyo. "Basi unipe kitu. Kitu anajua ni yako."

Véronique akajitazama. Sandali, watu wote wana sandali. Kitenge kinauzwa kila mahali sokoni. Pete aliiuza zamani. Mkononi mlikuwa na jeton, na vidole vyake vilikuwa vimeishika mpaka kona zimelegea kwa jasho.

Miaka mitatu hakumpa mtu. Si jirani, si katekista, si mtu wa ukoo. Hata Léon alikuwa anaiomba aione, naye anamwonyesha bila kuiachia. Sasa huyu kijana, jina lake halijui, na akipotea nayo Arielle haingii darasani hata akifika kwa mabawa.

"Shika," akasema.

Vidole vilikataa kwanza. Katsuva ilibidi aivute kidogo.

—

Ofisi ya préfet ilikuwa na meza, viti viwili na picha ya Bikira Maria. Véronique akakaa ukingoni mwa kiti.

"Nani anamuangaliaka mutoto bitabu yake mu nyumba?"

"Ni miye. Sijue kusoma Kifaransa, lakini ninahesabu mistari. Nikiona mwalimu ameweka wino ya rouge, ninauliza."

Préfet akaandika. "Analala saa ngapi?"

"Saa tatu. Jana saa mbili."

"Anataka option gani?"

"Chimie-Biologie."

"Ni yeye anataka, ao ni nyinyi?"

"Yeye. Siye tulikuwa tunataka tu asiende Mahagi."

Alijibu yote. Kila swali Mama Bénédicte alikuwa amelifundisha Jumamosi hii au ile, na Véronique alikuwa ameyashika moja moja kama mtu anayechambua mchele. Ukutani saa ilisema mbili na dakika kumi na saba.

"Jeton?"

"Nimeitoa."

"Kwa nani?"

"Kwa mutu wa moto, aende kumuonyesha mutoto."

"Jina yake?"

"Sijue."

Préfet akaweka kalamu chini. "Mama, umetoa jeton, bila hiyo mutoto haingie, kwa mutu haujue jina yake?"

"Ndiyo," Véronique akasema, na hapo machozi yakatoka, ya hasira zaidi kuliko ya huzuni. "Nilikuwa nafanya nini ingine? Mulicheka, hamukunipa njia. Basi nimetafuta njia."

Nje moto ikaunguruma. Akainuka bila ruhusa, akakimbia mpaka getini.

Katsuva alikuwa peke yake.

"Amekataa, mama. Nilimuita, nikamuonyesha. Aliiangalia, akaninyang'anya, akapita nyuma ya nyumba, mbio! Nimemutafuta kwa avenue mbili. Sijue amepita wapi." Alikuwa anakaribia kulia naye. "Nakuapia, sikuiba kitu."

Saa mbili na nusu ikapiga. Darasani sauti ya mwalimu ikaanza kusoma dictée, pole pole, neno kwa neno, na mlango ukafungwa. Wazazi waliobaki hawakucheka tena. Yule mwenye koti akaangalia viatu vyake. Véronique alisimama ameshika chuma cha geti na kusikiliza Kifaransa ambacho hakukielewa kikiendelea bila mtoto wake.

Dictée ilipomalizika, Arielle alitokea kwenye kona. Hakuwa na viatu. Alikuwa amepita njia za ndani, kati ya parcelle, viwanja vya watu, gauni la nyumbani limeloa mpaka magotini, na ngumi ya kuume ameifunga.

Josaphat alifungua geti bila kuuliza mtu. Préfet alikuwa amesimama hapo na saa yake.

"Juu ya nini haukupanda moto?"

"Mama alinikataza," Arielle akasema akihema.

"Lakini alikuwa na jeton ya mama yako."

"Mama hapeanake jeton, ata siku moya." Akafungua ngumi. Karatasi ilikuwa imekunjamana, muhuri umeyeyuka, lakini namba moja ilisomeka. "Nilipoiona mukononi ya mutu, nikajua ao mama amekufa, ao test ni sasa. Nikakimbia."

Préfet akatazama saa, kisha akashusha mikono.

"Dictée sitaisoma tena kwa mutu moya. Pale utapata zéro, na siwezi kuibadilisha. Calcul, ile ya hesabu, inaanza. Ingia."

Fifi alikuwa amesogea. Akatoa kalamu mkobani na kumpa Arielle, maana Arielle alikuja mikono mitupu. Arielle akaipokea, akasema aksanti, akaingia. Véronique akasubiri mpaka mlango ukafungwa.

"Mama Sylvie, ulijua."

"Nilizania unajua mwenyewe," Fifi akasema kwa sauti ndogo.

"Hapana. Ulijua."

Wakasimama pamoja mpaka saa sita, hatua mbili kati yao.

—

Matokeo yakabandikwa Jumatatu asubuhi, na Léon alikuwa amesimama na mfuko wa Mahagi begani, maana gari lilikuwa linaondoka saa nne. Kwenye orodha ya Chimie-Biologie Arielle alisoma majina yote mara mbili. Hakuwamo. Sylvie alikuwamo, wa arobaini na tatu.

Kulikuwa na karatasi ya pili, ndogo, ya Pédagogie, ambako nafasi zilikuwa zimebaki kumi. Arielle alikuwa wa kwanza, hesabu kumi na tisa juu ya ishirini, dictée zéro.

"Pédagogie ni kusema nini?" Léon akauliza.

"Ni ya balimu," Arielle akasema. Akairudia kwa macho karatasi ya kwanza. "Haiko ya bainfirmière."

"Lakini ni shule?"

"Ni shule, Papa."

Léon akashusha mfuko begani, akauweka chini, akaukalia. "Basi Régine atafute mutu mwengine," akasema.

Véronique alimshika binti yake kichwa. "Unisamehe. Nyankunde nimekuibia miye."

"Ata miye nilisoma vibaya, Mama. Nilisoma kama mutu wa site."

Mama Bénédicte alipoletewa habari alilia kwanza, kisha akakasirika, kisha akasema Pédagogie si msiba, yeye mwenyewe ni Pédagogie na hakufa. Halafu akaifunga miwani kwa kamba shingoni.

—

Jumamosi iliyofuata salle ya parokia ilijaa. Shule nyingine za mji zilikuwa bado hazijafanya test, na mwalimu akaanza na mafunzo yake: usingizi, stylo, latte. Alipofika mwisho akauliza kama kuna mwenye neno. Véronique akainuka.

Hakuwahi kusema mbele ya watu. Aliushika ubao wa kiti cha mbele.

"Miye siku ya test nilienda peke yangu," akasema. "Mutoto nilimuacha mu nyumba anapumzika."

Walicheka. Bila shaka walicheka, nani asingecheka? Mwanaume mmoja alipiga meza. Véronique akawaacha wacheke mpaka washibe, uso ukimwaka kama siku ile getini, na hakukaa.

Nyuma kabisa, kwenye benchi la ukutani, kulikuwa na mwanamke ambaye hakucheka. Aliitwa Annette, alikuwa na mtoto mgongoni, na alifika Bunia mvua hizi tu. Alikuwa ameingiza mkono kifuani. Watu walipokuwa bado wanafuta machozi ya kicheko, yeye akapita katikati yao, akamfikia Véronique na kumfungulia kipande cha nailoni. Ndani mlikuwa na karatasi ngumu ya rangi ya kijani, yenye muhuri.

"Balisema lundi," akanong'ona. "Dada yangu, hii ni yangu, ao ni ya mutoto?"

Véronique hakujua kusoma yaliyoandikwa. Aliitazama tu, kisha akaukunja mkono wa yule mama juu yake.

"Ni ya mutoto," akasema. "Muende bote babili."